Kozi ya Kifaransa ya kwenye simu: vivumishi wamevikoroga

Kwenye zoezi la vivumishi niliandika "un nouvel appartement", yaani fleti mpya. Nikapigwa alama nyekundu, na jibu lililotokea chini likawa "un nouveau appartement". Jamani! Kozi ya kulipia! Nouveau ikitangulia nomino ya kiume, umoja, inayoanza na irabu au h isiyotamkwa, huwa nouvel. Ndivyo ilivyo pia kwa beau, -zuri (un bel homme, mwanamume mzuri), na vieux, -zee (un vieil arbre, mti mzee). Kwenye wingi hali hiyo haipo: de nouveaux appartements, na ni de badala ya des kwa sababu kivumishi kimetangulia. Cha kuudhi zaidi, somo linalofuata sauti yao wenyewe inasoma "nouvel appartement" vizuri kabisa. Nikawaandikia huduma kwa wateja. Jibu: fuata kanuni uliyofundishwa.

Kanuni gani? Eti kivumishi hufuata nomino, kama Kiswahili. Hiyo ni nusu tu. Rangi, umbo na utaifa hufuata kweli: une table ronde (meza ya duara), une voiture rouge (gari jekundu). Lakini petit (-dogo), grand (-kubwa), jeune (-changa), bon (-zuri), mauvais (-baya) na wenzao kwa kawaida hutangulia. Kuna na vile vinavyobadili maana kwa kuhama: ma propre chambre ni chumba changu mwenyewe, ma chambre propre ni chumba changu kilicho safi. Hayo hawayagusi popote.

Kama walitaka kutumia Kiswahili, wangeanzia kwenye upatanisho. Anayesema kitabu kizuri, vitabu vizuri hashangai kuona blanc (-eupe) ikiwa blanche kwa nomino ya kike, au actif ikiwa active. Tena "safi" yetu haibadiliki, chumba safi, vyumba safi. Marron (kahawia) na orange (rangi ya chungwa) nazo ni hivyohivyo: des chaussures marron (viatu vya kahawia), marron bila s.

Sauti zao ni nzuri, siwanyimi haki. Unasikia wazi t ya petit ikinyamaza na ya petite ikitamkwa, na d ya grand ikisikika kama t kwenye un grand ami (rafiki mkubwa). Kwa hilo nilikuwa nawapa nyota tatu. Lakini mtu anayejiandaa kwa DELF, mtihani wa cheti cha Kifaransa, akiandika "nouveau appartement" ni kosa lake, si lao, na pesa wameshachukua. Hapana, nyota moja. Kusikiliza, tumieni masomo ya bure. Mazoezi ya kuandika msiyaguse mpaka wayarekebishe.