Kitabu cha picha cha Fumo Liyongo: kimo wamekipatia, kitovu wamekificha

Hiki kitabu cha Fumo Liyongo, yule shujaa mrefu wa hadithi za pwani yetu, nilikinunua wiki tatu zilizopita kwa dada mmoja hapa Mombasa anauza vitabu vya watoto onlaini, shilingi 950 na 150 ya boda, peji 32, picha za rangi kila peji. Binti yangu ana miaka minane na nilikua namtafutia kitu cha kwetu maana kabati lake limejaa Cinderella na wenzake. Mchapishaji simtaji, nimeshamwandikia mwenyewe na kanijibu vizuri. Hapa nataka tu mzazi mwenzangu ajue ananunua nini, na pia kuna jambo limenikaa rohoni siwezi kulinyamazia.

Nianze na mazuri kwa sababu yapo. Hadithi wameifuata ule utendi wa Muhammad Kijumwa wa Lamu wa mwaka 1913, hawakuokota okota. Yamo yote makubwa. Sultani wa Pate, kisiwa cha karibu na Lamu, anamuogopa Liyongo, Wagala (Waoromo wa bara) wanataka mbegu yake wanamuoza kwao anapata mtoto wa kiume, alafu anatiwa gerezani na minyororo juu, mamake anapika mikate miwili, mzuri walinzi wanaupokonya wanaula na ule wa wishwa, yaani makapi ya nafaka, wanamwachia kijakazi Saada aupeleke, na tupa, kile chuma cha kukerezea chuma, imo ndani ya wishwa. Nje ngoma ya gungu inachezwa, matwazi (yale masahani ya shaba yanayogonganishwa) na ngoma, yeye ndani anakata chuma na hakuna anayesikia. Hapo binti yangu alishika mdomo kwa mikono miwili. Maneno ni mepesi, ya kusoma mtoto mwenyewe, na hawakuyapondaponda mpaka yakakosa ladha.

Peji niliyoipenda kuliko zote ni ya mkoba. Liyongo anafika mji wa Pate na mkoba wake begani, watu wanamuomba awaonyeshe kilichomo, anaumwaga chini. Kinatoka kinu. Mchi. Jiwe la kusagia, vyungu vya kupikia, mpaka mafiga! Mchoraji kavipanga chini ya miguu yake vimejaa kurasa mbili nzima na watu wa mji wako kwa mbali wadogo kama kuku. Binti yangu akaniambia "mama, hili si jiko?" Nikamwambia ndio, ni jiko zima. Na hebu lifikirie hilo, mtu ana nguvu za kung'oa mji, ukitarajia mikuki na mapanga humo ndani, kumbe amebeba vyombo vya mamake. Hao Wapate walitishika kwa jiko. Mi nadhani Kijumwa alijua anachofanya hapo, ule mwili mkubwa anaujaza vitu vya nyumbani ili tujue umetoka wapi, na kila kitu kinachomponya Liyongo au kumuua kinatoka humo humo jikoni na chumbani, mkate, tupa ndani ya mkate, na baadae sindano.

Kimo nacho wamekipatia. Utendi unasema alikua mrefu, mpana, jina limeenea na watu wanakuja kumtazama tu, na unasema pia alikua na haiba. Haiba jamani. Hakua zimwi. Huu ndio ugonjwa wa vitabu vingi vya watoto, jitu likiwa kubwa lazima liwe na meno na macho mekundu, hapa hawakufanya hivyo na nawapongeza kwa moyo mmoja, wamempa uso wa kijana wa pwani, ndevu changa, macho ya upole. Maana ule urefu wa Liyongo mi naona ndio ile heshima waliyompa watu, imegeuzwa ikawa mwili. Kila anayekuja kumtazama ni kama kamuongezea shibiri moja, na ndio maana Sultani halali usingizi. Kiti chake ni kirefu lakini mwenzake ni mrefu akiwa amesimama chini.

Sasa jambo lenyewe.

Kuanzia peji ya 6 mpaka ya mwisho wamemvika deraya. Deraya la chuma, kifua mpaka kiunoni, linang'aa, na kama joho jekundu hivi nyuma, yaani ukiangalia haraka utadhani ni mmoja wa wale mashujaa wa filamu za Marekani wanaoruka juu ya magorofa. Kwanza Shaka, mji wa kwao Liyongo, na Pate ile, joto lile, chumvi ile ya bahari, nani anatembea na bati la chuma kifuani. Lakini hilo ningelisamehe. Nisichoweza kulisamehe ni kwamba wamefunika kitovu.

Mwili wa Liyongo wote maana yake iko pale. Mshale haumpati, mkuki haumwingii, chuma cha aina yoyote hakimfanyi kitu. Kinachomuua ni sindano ya shaba ikichomwa kitovuni, basi. Na hii siri anamwambia mwanawe mwenyewe, kijana aliyetumwa na Sultani na kuahidiwa kuozwa binti wa mfalme. Sasa ukimvika mtu bati la chuma juu ya kitovu hadithi imekufa hapo hapo, mtoto anasoma "akamchoma sindano kitovuni" na picha mbele yake inamwambia haiwezekani.

Marehemu bibi yangu alikua mzaliwa wa Siyu, huko huko kisiwani Pate, na hii hadithi alitusimulia usiku barazani, umeme umekatika, sisi wajukuu tumelala chali juu ya mkeka. Akifika hapo pa sindano sauti anaishusha kabisa, anapita kwa kila mmoja na kidole chake cha shahada, anakibonyeza kitovuni mwako taratibu, "hapa." Anakwenda kwa mwengine. "Hapa." Vidole vyake vilikua vikavu na vya baridi, na mpaka leo nikisikia jina la Liyongo tumbo langu linajikaza lenyewe. Hakutuelezea maana. Lakini huyu bibi ndiye alikua akisema kitovu chake kimezikwa Siyu, kila akiulizwa kwao ni wapi, hata baada ya miaka hamsini ya kukaa Mombasa. Kwetu ukitaka kumwambia mtu hapa ndipo unapotoka unamtajia kitovu. Kitovu ndio mahali ulipofungwa na mamako kabla hujawa mtu wa kujitegemea, kisha ukakatwa, likabaki lile kovu.

Kwa hivyo mtu ambaye hakuna adui wa nje anayemuweza, mlango wake umeachwa wazi pale pale alipounganishwa na watu wake. Na anayeuingia ni mtu wa damu yake, kikulacho ki nguoni mwako. Samson nguvu zake zilikua kwenye nywele, na nywele huota tena. Kitovu kinakatwa mara moja.

Binti yangu hakuambiwa hata neno katika hayo. Alifika peji ya 27, akasoma, akaangalia picha, akarudi nyuma peji mbili tatu, akaja nayo jikoni nikiwa nasonga ugali. "Mama, kwani kitovu chake kiko wapi?" Nikamwambia kiko ndani ya hiyo nguo. Akasema "sasa mtoto wake alikiona vipi?" Sikua na jibu. Mtoto wa miaka minane kaona kilichompita mchoraji, mhariri na wote waliokishika hiki kitabu kabla ya kwenda mitamboni.

La pili linafanana na hilo, sindano. Maandishi yanasema sindano ya shaba na mchoro ni jambia, tena jambia kubwa la kushikwa kwa mikono miwili. Naelewa labda waliona sindano haitishi kwenye picha. Lakini sindano ndiyo inayotisha! Lamu na Pate kila nyumba ina sindano, wanaume kwa wanawake, kofia za viua zinatobolewa na kushonwa barazani watu wakiongea mambo yao, ni kitu cha amani kabisa, unaweza kukaa nacho mfukoni mbele ya babako na asishtuke. Na ni ya shaba wala si chuma cha vita. Jitu lile lote na kitu cha urefu wa kidole, ukubwa wa khiyana unauona kwa udogo wa silaha. Ukichora jambia umeigeuza ikawa mapigano ya kawaida na mtoto anabaki kuuliza mbona Liyongo hakupigana.

Peji ya kisima ndiyo iliyonifanya nisikirudishe. Liyongo kashachomwa, kachukua uta wake na mishale kaenda kisimani kapiga goti, uta ameuvuta, na roho imemtoka akiwa hivyo hivyo. Watu wa mji wanamuona wanadhani yu hai, hakuna anayethubutu kuteka maji, siku zinapita, mpaka wanamwita mamake aje ambembeleze. Mchoraji hapa kafanya kazi ya mtu mzima. Goti limezama kidogo mchangani, macho yako wazi, kamba ya uta imekaza mpaka unahisi itakatika, na nyuma kabisa mama mzee kashika ukuta wa msikiti hajakaribia bado. Mitungi mitupu imeachwa njiani. Hata lile deraya hapa limeingia kivuli halionekani sana. Nilikaa na hiyo picha muda mrefu, mwili wenyewe umeshakufa na bado unalinda, au unatisha, inategemea wewe ulisimama upande gani wa kisima.

Sasa vitu vya kawaida vya riviu. Gundi ni mbaya, karatasi mbili zilitoka siku ya nne na sisi si watu wa kuvuruga vitabu. Rangi ni nzuri, hazijachujuka hata kidole kikiwa kimeloa. Herufi ni kubwa, sawa kwa darasa la pili na la tatu. Maneno kama uta, wishwa, matwazi yamewekwa bila kuelezwa popote, mi nilifurahi kwa sababu nilipata kuelezea mwenyewe lakini mzazi wa bara huenda akakwama, wangeweka nusu peji ya maneno mwishoni ingetosha. Dilivari ilifika siku hiyo hiyo, dada muuzaji ni muaminifu, kamfungia mtoto kalamu ya bure.

Nyota natoa tatu kati ya tano. Mkoba na kisima peke yake ni nyota mbili nzima. Mnunuzi nunua, ila ukifika peji ya 27 funga kitabu kidogo umsimulie mwenyewe kwa mdomo, na kidole.

Mchapishaji kaniambia toleo jengine linaweza kuja mwakani na watalifikiria hilo la deraya. Mi nimemwambia bayana, mvueni hilo bati, mpeni kikoi kiunoni na kifua wazi, kitovu kionekane tangu peji ya kwanza mtoto akizoee kabla hajajua kina nini, na huyo kijana mshikisheni sindano. Wakifanya hivyo nachukua kopi tano, moja ya nyumbani na nne nizipeleke madrasa. Hii niliyo nayo binti yangu ameshaitengeneza kivyake, jana nimeikuta peji ya 27 kachora kiduara kidogo kwa kalamu nyeusi katikati ya lile chuma.