Kuwahara ya Blender: imempaka nyanya vizuri, ikanila jina la leso

Haya haya haya, vipi watu wangu, karibuni tena chaneli. Leo feni nimeizima kwa sababu vidio iliyopita mulinijaza komenti ati maiki yanguruma kama feri ya Likoni, kwa hivyo mukiniona natiririka jasho mujue ni kwa ajili yenu, na Mombasa hii mwaijua mwezi wa pili ulivyo.

Leo twachambua kitu cha bure. Bure kabisa. Ni nodi ya Kuwahara, yaani kijisanduku cha filta kifanyacho picha ionekane imepakwa kwa brashi, kwenye Blender, ile programu ya 3D, na iliingia toleo la 4.0 mwishoni mwa 2023. Blender yenyewe sielezi, mushaijua wenyewe, na huyu nyanya mumuonaye kwenye skrini nimemtoa DAZ Studio, programu ya kutengenezea watu wa 3D, hilo nalo nshalifundisha, rudini nyuma muangalie.

Sasa shida yetu wachoraji wa 3D ni moja. Umemkalisha nyanya barazani Mji wa Kale, nyuma yake mlango wa nakshi, jua la saa kumi laingia kwa ubavuni, umeacha laptop irende, yaani iitoe picha kamili, usiku kucha yachemka kama chapati, asubuhi waamka waangalia, nyanya mwanasesere. Vishimo vya ngozi vyahesabika kimoja kimoja, mashavu yang'aa kama yamepakwa samli. Wamuonesha mtu, akuuliza hiyo ni gemu gani. Gemu! Mimi nataka aniulize nimechora kwa brashi gani.

Tazama hapa basi. Nazima, nawasha. Nazima... nawasha. Ushaona? Ngoja nivute karibu, hapa shavuni. Ile ni rangi bapa, imelala kama mtu ameivuta na brashi pana, lakini ukingo wa pua uko pale pale haujayeyuka. Ukitia ukungu wa kawaida kila kitu chayeyuka pamoja, kama umesahau miwani. Hii haifanyi hivyo, kwa sababu kila pikseli, nukta moja ya picha, yatazamiwa majirani zake kwenye kijimraba, kijimraba chagawanywa vipande vinne, halafu kipande ambacho rangi zake zakaribiana zaidi ndicho chachukuliwa wastani wake. Kwa hivyo pua haichanganywi na ukuta. Na huyo Kuwahara ni mtu kweli, Mjapani, 1976 alikuwa ashughulika na picha za moyo za hospitali zilizojaa chenga, ataka zisafishike bila kupoteza mipaka. Hana habari ya leso wala baraza masikini.

Kuna aina mbili ndani ya nodi. Ile ya kawaida iacheni, yaleta vijisanduku. Chagueni anisotropiki, hiyo ndiyo mke wa nyumbani. Hii yafuata mwelekeo wa kitu, yaani mkunjo wa nguo ukiteremka nayo yateremka, makunyanzi yakizunguka jicho nayo yazunguka. Muangalie hapa begani, leso inavyoanguka, mipako yaenda nayo. Kuna slaida ya ukali, na kuna moja ya kurefusha mipako, hiyo musiivute mpaka mwisho, picha yawa kama nywele zilizotiwa mafuta.

Na niseme hapa hapa, mimi pesa nshapoteza. Kabla ya hii nilinunua furushi la filta za "mafuta" kwa duka moja la mtandaoni, elfu mbili na mia tano, silitaji jina, kila picha ikatoka na mikwaruzo ile ile, iwe uso iwe mlango iwe paka. Kurudishiwa pesa, baruapepe ya kwanza wakajibu, ya pili kimya. Photoshop nayo ina yake ya rangi za mafuta, si mbaya, lakini yataka ulipe kila mwezi na mimi kila mwezi nina kodi ya nyumba.

Sasa nilipokasirikia. Tazameni leso.

Leso ina pindo la kuzunguka, ina mji hapo katikati, na ina jina, yale maandishi yake. Mimi nimekaa siku mbili natengeneza teksicha, ile picha ya kuivisha nguo ya 3D, jina nimeandika WASTARA HASUMBUKI, herufi safi. Nawasha Kuwahara... someni hapo. Hakuna! Ni msururu wa mende! Pindo limepona kwa sababu maua yake makubwa, mji umependeza kuliko mwanzo, lakini jina limeliwa lote, na leso bila jina ni kitambaa tu, shangazi yangu akiiona atanifukuza. Macho pia, yule mng'aro mdogo kwenye mboni umekwenda, nyanya aangalia kama amelala macho wazi. Filta haijui kipi muhimu, herufi kwake ni chenga kama chenga nyingine.

Basi nikatia maski, yaani nikaifungia filta mahali pa kugusa na pa kuacha. Kwa Cryptomatte, ile nodi ya kuchagulia vitu kimoja kimoja, uso naupata, na ule ukanda wa jina nikaupa matirio, yaani ngozi ya rangi, yake peke yake ili nao uchagulike. Nodi ya Kuwahara naweka mbili, ukuta na mlango saizi 14, uso saizi 4, jina sikuligusa. Nikafurahi dakika tano hivi. Kisha nikaona herufi zimekaa kama stika ya tuktuk, kila kitu kimepakwa zenyewe zimechapwa. Nikazirudisha, nikatia 2. Zasomeka nusu. Nikatia 1, stika tena.

Halafu kuna hili la saizi kuhesabiwa kwa pikseli, mutaniapiza kama sikusema. Nilijaribu kwa renda ndogo ya asilimia 50, nikapenda, nikarenda kubwa, mipako ikarudi nyembamba nusu yake, uplastiki huo umerudi. Ukiongeza picha mara mbili na saizi iongeze mara mbili, basi na mashine nayo ilie mara mbili.

Mwisho mwaona nilivyofanya? Jina nimelifuta kabisa kwenye teksicha, nikarenda, nikapitisha Kuwahara, kisha nikafungua Krita, programu ya kuchorea, nayo bure, nikaliandika kwa mkono juu ya mikunjo. Kwa mausi, kibao cha kuchorea sina bado. Hiyo B imepinda, H imenona, na ndiyo sehemu ya pekee watu wameniuliza umechoraje. Kuna fundi wa kuchora matatu karibu na kwetu nilimtumia kwenye simu, hakuangalia uso wala mlango, akavuta herufi kwa vidole viwili akasema hii A umeanzia chini, kosa hilo.

Kwa hivyo nodi naipa nane kwa kumi, na hizo mbili nimezikata kwa ajili ya jina. Kabla ya kurenda shusheni vishimo vya ngozi kwenye matirio, hilo nimesahau kuwaonesha, litakuja vidio ya Alhamisi pamoja na teksicha ya leso mushushe bure. Majina ya kuandika nileteeni kwenye komenti, ya matusi sichukui. Naiwasha feni, nakufa.