Bwawa halina kosa, mhudumu ndiye aliyenitia hasira

Nyota mbili. Niliposhuka mlimani nilikuwa nimeshaamua kutoa moja, nikalala, hasira ikapoa. Sasa naandika na naiona inarudi, kwa hiyo hizo mbili zichukulieni kwa tahadhari.

Niseme la haki kwanza. Bwawa lenyewe halina lawama. Ni dogo, ukisimama juu ya ukuta unaliona lote mpaka kule kijito kinakoingilia, na liko juu sana, zaidi ya mita 3,000, kiasi kwamba ukipanda hatua chache tu unaanza kuhema. Alfajiri maji yametulia tuli, huoni ila viduara pale trauti, samaki wa maji baridi, anapopanda kudokoa wadudu. Nilitandika koti kwenye nyasi nikajilaza chali. Simu haishiki mtandao, hakuna wa kukusumbua. Wangeniacha vile vile hadi jioni ningewapa nyota zote.

Kisha akaja mhudumu na redio yake.

Huduma waliyoitangaza wenye bwawa, na ndiyo iliyonivuta, ni ya kuvua na kurudisha: samaki anatolewa kwenye ndoano, anarudi majini mzima. Hata ndoano wanazokodisha hazina kile kijimwiba kinachomzuia samaki asichomoke, jambo la maana sana, hapo nawapa heko. Kazi ya mhudumu ni kushika wavu na kumsaidia mgeni. Huyu wangu alishika redio.

Nilihamia kwenye mdomo wa kijito, maana trauti hupenda pale maji baridi yenye hewa yanapoingilia. Jua likiwa limeshapanda, mshipi ukakaza. Jamani, vuta nikuvute ile! Alikuwa trauti wa upinde wa mvua, ule mstari wa waridi ubavuni umekolea, madoa meusi mpaka mkiani. Nikamleta taratibu hadi kwenye kina kifupi, nikalowesha mikono ili nimchomoe ndoano humo humo majini.

Mara bwana redio akaja mbio, akamnyakua. Kwa glavu za sufi! Kavu! Akamtupa juu ya kokoto, akatoa simu: "Simama hapo nikupige picha." Samaki anajipigapiga kwenye mawe, mashavu yanafunguka na kufumba, na mwenzangu anatafuta pembe nzuri ya mwanga. Nikamwambia, kaka, mrudishe. Hakuniangalia hata usoni. "Bosi, samaki ni samaki. Umekuja kuvua au umekuja kulea?"

Nilibaki mdomo wazi. Huyu ndiye analipwa kuwatunza samaki hao! Ule ute ulioganda kwenye glavu zake, uking'aa kama gundi, ndio kinga ya samaki dhidi ya vijidudu na ukungu. Ukimfuta ute anaweza kuogelea vizuri tu mbele yako, ukadhani kapona, kumbe anakwenda kufa baadaye. Tena ametoka kupigana na mshipi, misuli imechoka, anahitaji hewa ya majini kuliko kitu chochote, nawe unamwanika juani.

Nilimchukua mwenyewe. Nikamshikilia wima majini, kichwa kikielekea kijito kinakotokea, maji yapite kwenye mashavu. Ilichukua muda mrefu mkia kuanza kucheza. Aliondoka akiwa ameinama upande mmoja, na hilo ndilo linalonisumbua hadi leo.

Baada ya hapo kila kitu kiliniudhi. Kiti kilikuwa kinayumba. Upepo wa mchana ukaanza, mshipi ukawa unarudi usoni. Chai haikukolea. Najua kule juu maji huchemka kwenye nyuzi 90 hivi badala ya 100, lakini siku ile nilimlaumu yeye. Jua nalo likanibabua pua ingawa nilikuwa natetemeka kwa baridi, hilo pia nikamwandikia yeye.

Je, nitarudi? Nilipokuwa juu nilisema kamwe. Juzi nikajikuta nasafisha mshipi, nikiwaza zile alfajiri. Pengine ningeomba niende peke yangu, bila mhudumu, nibebe wavu wangu. Kwa anayetaka kulala kwenye nyasi tu bila kugusa samaki, sehemu ni nzuri kupita kiasi, nenda hata kesho.

Nilikuwa nafikiria kupandisha ziwe tatu. Kabla sijatuma nikaona ofisi yao imejibu malalamiko niliyokuwa nimewapelekea: wanasikitika kwamba sikupata picha nzuri, nikirudi watanipiga nyingine bure.

Nyota moja.