Gereji ya Malindi inayofunga tangi la mafuta ya uto: kazi ya chuma ni safi, mafuta yao bado

Gereji ninayoizungumzia iko nje kidogo ya mji wa Malindi, upande wa kwenda Sabaki, na huduma zake ni mbili. Ya kwanza ni kufunga tangi la pili kwenye gari la dizeli ili liweze kutembea kwa mafuta ya uto, yaani ya kupikia. Ya pili ni kuuza mafuta yenyewe, ambayo hukusanywa kutoka majiko ya hoteli na mikahawa ya Kiitalia yakiwa yamekwisha kukaangia, yakachujwa na kutiwa katika mitungi ya lita 20. Wenyewe huzitangaza kama huduma moja, lakini mteja ni vyema aipime kila moja peke yake, kwa kuwa ile ya kwanza inastahili sifa na ile ya pili ina kasoro zinazoweza kumgharimu mtu pampu nzima ya dizeli.

Gari nililolipeleka ni pikapu aina ya Toyota Hilux yenye injini ya 3L (jina la aina ya injini, si lita tatu), ambalo kazi yake ni kubeba samaki na barafu kutoka Ngomeni hadi Malindi na mara nyingine hadi Mombasa. Naitaja injini kwa sababu ndiyo jambo la kwanza ambalo fundi mkuu wa pale aliliuliza, hata kabla ya kuuliza nina shilingi ngapi, na hapo nikaona kuwa nimefika kwa mtu anayejua anachokifanya. Injini za Toyota za 2L, 3L na 5L, pamoja na ile ya 1HZ iliyomo katika Land Cruiser nyingi zinazopita hapa kwenda Garsen, hupuliza mafuta kwanza kwenye chumba kidogo kilichomo katika kichwa cha silinda, na chumba hicho hubaki na joto la kutosha kuyaunguza hata mafuta mazito. Pampu yake pia ni ya kimakanika isiyo na kompyuta. Injini za kisasa za komoni reli, ambazo paipu moja ya shinikizo kubwa hulisha silinda zote, kama zile za Toyota za D-4D, ni habari nyingine kabisa: nozeli zake, yaani vipulizia mafuta, zina matundu madogo mno, shinikizo linapita bari 1,300, na mafuta ya uto yakiingia humo huharibu vitu ambavyo bei yake inakaribia bei ya gari kuukuu. Siku niliyokuwa pale alifika mtu na Prado jipya akitaka afungiwe, akakataliwa kwa adabu na kuambiwa aendelee kununua dizeli. Gereji inayokataa fedha ni nadra, na jambo hilo pekee lilinifanya nikae kwenye benchi lao kwa utulivu zaidi.

Kwa msomaji anayedhani kuwa hili ni jambo la kubahatisha, inafaa akumbuke kwamba injini ya dizeli iliendeshwa kwa mafuta ya njugu mbele ya watu katika Maonyesho ya Paris ya mwaka 1900, na Rudolf Diesel mwenyewe alilizungumzia jambo hilo miaka michache kabla ya kifo chake mwaka 1913. Mafuta ya uto huwaka vizuri. Tatizo lake ni mnato. Katika joto la nyuzi 40 za Selsiasi, mafuta haya ni mazito karibu mara kumi kuliko dizeli, kwa hiyo nozeli haiwezi kuyapuliza yakawa ukungu. Huyatoa kama matone, na matone hayo hayaungui yote, bali huacha masizi kwenye nozeli, kwenye ringi za pistoni na kwenye valvu. Yakipashwa moto hadi nyuzi 70 au 80, mnato hupungua kiasi cha kuvumilika. Hiyo ndiyo sababu ya kuwa na matangi mawili: injini huwashwa kwa dizeli, maji ya rejeta yakishapata moto hupitishwa kuyapasha mafuta ya uto, kisha dereva hubonyeza swichi na kuhamia tangi la pili, na kabla ya kuzima gari hurudi kwenye dizeli kwa dakika moja au mbili ili pampu na nozeli zisilale na mafuta mazito ndani.

Kazi yao ya kufunga mfumo huu niliikagua kwa makini, na sikuona pa kulalamikia ila padogo. Tangi limetengenezwa kwa chuma kisichoshika kutu na kufungwa nyuma ya kiti kwa mikanda yenye mpira chini yake ili lisitoboke kwa mtikisiko wa barabara ya Ngomeni, ambayo kila anayeijua anajua inavyotikisa. Ndani yake mna paipu iliyokunjwa ambayo maji ya rejeta huzunguka humo, na paipu hiyo si ya shaba. Nililiuliza hilo makusudi, kwa sababu shaba huyaharakisha mafuta ya uto kugeuka kuwa utando kama gundi, na mafundi wengi huitumia kwa kuwa ni laini kukunjika. Hosi ya mafuta imepitishwa ndani ya hosi ya maji moto kutoka tangini hadi chumba cha injini, na pale mbele mna filta ya pili, mbali na ile ya dizeli, nayo imekumbatiwa na kikombe cha maji moto. Valvu za umeme ni mbili, moja ya mafuta yanayokwenda na nyingine ya mafuta yanayorudi, jambo ambalo gereji ya bei nafuu hulipuuza, na matokeo yake ni kwamba mafuta ya uto hurudishwa kwenye tangi la dizeli kidogo kidogo mpaka gari linakataa kuwaka asubuhi. Padogo nilipopaona ni kwenye dashibodi: kipimo cha joto wamekiweka chini sana karibu na goti, na dereva analazimika kuinama ili akisome, hali akiwa katikati ya bodaboda na tuktuk za Malindi.

Kuhusu mwendo wa gari, sina mengi ya kueleza. Nguvu imepungua kidogo sana, na hilo ni la kutarajiwa kwa kuwa lita moja ya mafuta ya uto ina nishati pungufu ya dizeli kwa kiasi cha asilimia 5 hadi 8. Mlio wa injini ni mwororo zaidi. Na moshi, ndiyo, unanukia viazi karai, wala hakuna mzaha juu ya jambo hilo ambao wavuvi wa Ngomeni hawajaufanya. La maana zaidi ni urefu wa safari. Kwenda Mombasa, mwendo wa kilomita 120 hivi, dizeli hutumika mwanzoni na mwishoni tu, na sehemu kubwa ya njia ni mafuta ya uto. Lakini anayezunguka mjini, akitoka Maweni kwenda Sokoni na kurudi Shela, injini yake haitapata moto wa kutosha kabla ya kufika aendako, na atakuwa amelipia tangi la pili la kupamba nyuma ya kiti. Gereji hawalisemi hili kwa sauti, na ningependa walibandike ukutani.

Sasa nije kwenye mafuta, ambako ndiko palipo na dosari kubwa.

Mafuta yaliyokaangiwa huwa na vitu vitatu visivyotakiwa: makombo, maji na asidi. Makombo ndiyo rahisi, na ndiyo peke yake wanayoyashughulikia ipasavyo, kwa kuyapitisha kwenye kitambaa kwanza na kisha kwenye mfuko wa kuchujia wa mikroni 5. Maji hayachujiki kwa mfuko. Yametoka kwenye viazi, kwenye ngisi, kwenye samaki aliyetiwa sufuriani bila kufutwa, yamo ndani ya mafuta yakiwa matone madogo yasiyoonekana, tena yana chumvi. Yakifika kwenye pampu huanzisha kutu kwenye vyuma vilivyosuguliwa kwa vipimo vya hali ya juu, na kutu ndogo tu humaliza kazi. Njia ya kuyaondoa inajulikana: mafuta hupashwa moto wa wastani, huachwa yatulie siku kadhaa kwenye pipa refu, maji na tope hushuka chini na kumwagwa kwa koki ya chini, kisha mafuta safi hutolewa kwa koki ya juu yake. Mapipa ya gereji hii yana koki moja tu, nayo iko chini kabisa. Humo humo linamotoka tope ndimo yanamotoka mafuta ya kuuza, na tofauti pekee ni kwamba kijana anayehudumu humwaga kidogo kwanza, akitazama rangi kwa jicho.

Nilimwomba anionyeshe kipimo cha kikaango, ambacho ni kipimo cha kila mtu: kikaango kikavu hutiwa moto mpaka kipite joto la kuchemsha maji, kisha hutiwa kijiko kimoja cha mafuta. Yakiwa makavu hutulia kimya na kuanza kufuka polepole. Yakiwa na maji hutoa viputo na kupasukapasuka. Kikaango wanacho, kimetundikwa msumarini, kisafi kuliko inavyopasa kwa chombo kinachotumika. Mtungi wa kwanza ulipasukapasuka mpaka kijana akarudi nyuma. Akaniambia, “Ami, hayo ni ya jana, bado hayajatulia,” akaenda kunitolea pipa jingine, na ya pipa hilo yalitulia vizuri. Hakunidanganya, na kwa hilo namshukuru. Lakini mtungi wa jana ulikuwa umewekwa safu moja na mingine, tayari kwa kuuzwa, na asiyeomba kikaango angeondoka nao.

Kasoro ya pili ni ya msimu. Mafuta mengi ya kupikia yanayouzwa nchini ni ya mawese yaliyoagizwa kutoka nje, na ingawa sehemu yake nyepesi hubaki kimiminika katika joto letu, majiko mengine hukaangia mafuta ya mgando, yale ya mkebe, na gereji huyachanganya yote. Wakati wa kaskazi husikii lolote. Ikifika kusi, mwezi wa Julai, asubuhi zikiwa na ubaridi, chini ya mtungi huonekana tabaka jeupe kama samli, na tabaka hilo likiingia tangini huziba filta kabla maji ya rejeta hayajapata nafasi ya kuliyeyusha. Dawa yake ni kuyatenga mafuta ya mgando tangu yanapopokelewa, kwani kila jiko hujua linakaangia nini. Kuhusu asidi, ambayo huongezeka kadiri mafuta yanavyorudiwa kukaangiwa, hawana kipimo chochote, na ushauri wangu ni kuyakwepa mafuta yaliyokwisha kuwa meusi na kunata vidoleni hata yakiuzwa nusu bei.

Kibao chao kimeandikwa kuwa wanauza biodizeli, na mnunuzi asiyejua anaweza kudhani anapata bidhaa ya kiwandani. Biodizeli ni mafuta ya uto yaliyochanganywa na methanoli na kostiki soda hadi gliserini ikajitenga, na hayo unaweza kuyatia kwenye tangi la kawaida kwa kuwa mnato wake unakaribia wa dizeli. Ya hapa ni mafuta yaliyochujwa tu. Mtu akiyatia kwenye gari lisilo na tangi la pili kwa kuamini kibao, lawama itakuwa ya aliyekiandika.

Jambo jingine ambalo hawakunieleza, nami nalieleza kwa faida ya wengine, ni oili ya injini. Mafuta ya uto yasiyoungua hupenya ringi na kushuka kwenye oili, na tofauti na dizeli hayatoki kwa mvuke. Hukaa humo, na yakizidi oili huweza kuganda ghafla kama uji. Oili ibadilishwe katika nusu ya muda wa kawaida, na gharama hiyo iingizwe kwenye hesabu.

Na hesabu yenyewe ni hii. Mafuta mapya ya dukani ni ghali kuliko dizeli, kwa hiyo yaliyotumika ndiyo yenye faida, nayo gereji huyauza kwa kama theluthi mbili ya bei ya dizeli ya kituoni. Sehemu ya nafuu hiyo inatokana na kodi, kwa kuwa katika kila lita ya dizeli mna shilingi 25 za matengenezo ya barabara tangu Julai 2024, na sisi wa mafuta ya uto tunaitembelea barabara hiyo hiyo bila kuichangia. Sidhani bei hii itadumu. Mafuta yaliyotumika sasa yana wanunuzi wakubwa. Kampuni ya Eni ya Italia, iliyofungua kiwanda cha kukamua mafuta Makueni mwaka 2022, hukusanya pia mafuta ya majikoni ili yapelekwe Italia kusafishwa, na hoteli iliyokuwa ikiyatoa bure miaka ya nyuma sasa huuliza bei kabla ya kufungua mlango wa jikoni.

Mwenye Hilux au Land Cruiser ya zamani anayekwenda mbali mara kwa mara anaweza kuipeleka pale kufungiwa bila wasiwasi, ila mafuta ayatafute mwenyewe kutoka jiko moja analolijua, ayatulize nyumbani kwake, na ayapime kwa kikaango. Mwenye gari la pampu ya Lucas au CAV asijisumbue, kwa kuwa pampu hizo hazistahimili mafuta mazito na fundi atamwambia hivyo hivyo. Dhamana ya gereji ni ya miezi sita, kwa tangi, hosi na valvu. Pampu haimo, na wameliandika hilo kwa herufi kubwa kwenye risiti.