Uzoefu wangu: gundi ya poliyurethani kwa dirisha la alumini linaloingiza mvua

Wenzangu mnaoishi upande wa bahari na madirisha ya alumini ya kusukuma, haya yanawahusu. Nyumba yangu iko Kigamboni, na dirisha kubwa la sebuleni linatazama kusini. Mvua ya masika ikinyesha wima halina neno. Ikija na upepo wa kusi inapiga kioo kwa nguvu, na asubuhi naikuta kona ya chini imelowa, rangi imevimba na lipu inatoa chumvi nyeupe. Mbao za kabati lililokuwa chini yake zilishaoza.

Fundi wa kwanza alikuja na silikoni nyeupe ya bei rahisi, ile inayonuka siki. Akapitisha mstari kuzunguka fremu yote, juu ya ule wa zamani, akausawazisha kwa kidole, akachukua chake akaondoka. Kabla masika haijaisha mstari ulikuwa umeshaachia ukuta. Ukiushika ncha unavutika wote kama tambi. Silikoni ya aina hiyo inashika kioo na alumini vizuri, lakini asidi yake haipatani na saruji, kwa hiyo kwenye lipu mshiko wake ni dhaifu. Na juu ya silikoni kuukuu haishiki vizuri.

Fundi wa pili, niliyeelekezwa na jirani, hakufungua hata begi la vifaa. Aliomba mpira wa maji. Akaanza kumwagia chini kabisa ya dirisha, akasubiri, akapanda kidogo, akasubiri tena, huku mimi nikiwa ndani na tochi. Kwa njia hiyo unajua maji yanaingilia wapi, maana ukilowesha dirisha zima kwa mara moja hutatofautisha chochote. Kisha akamimina kikombe cha maji kwenye reli ya chini. Maji yakatuama. "Dada, hili dirisha limezibwa pasipotakiwa kuzibwa," akaniambia.

Hapo ndipo nilipoelewa. Reli ya dirisha la kusukuma imetengenezwa ikijua maji yataingia; ndiyo maana upande wa nje ina matundu madogo ya kuyatoa. Yangu yalikuwa na silikoni kwa nje, na kwa ndani vumbi, rangi na sisimizi waliokufa. Akakata ile silikoni kwa wembe, akachokonoa kwa waya, tope jeusi likatoka, na maji yaliyotuama yakaisha papo hapo. Kumbe sehemu kubwa ya maji ya sebuleni yalikuwa yanajaa kwenye reli na kumwagikia ndani.

Sehemu iliyobaki ilikuwa ufa kati ya fremu na ukuta, na hapo ndipo ilipotumika gundi ya poliyurethani. Madukani mtaifahamu kwa herufi PU kwenye bomba lake, na bei ni zaidi ya mara mbili ya silikoni ya kawaida. Kwangu inastahili kila shilingi. Inashika saruji na alumini vilevile, inapakika rangi, na inabaki laini kama mpira. Ulaini huo una kazi yake: juani alumini hutanuka karibu mara mbili ya zege, kwa hiyo kitu kigumu kama saruji lazima kipasuke pale kwenye maungio.

Ila inataka maandalizi, na asiyeyaweza asiinunue. Silikoni yote ya zamani iliondolewa hadi ukuta ukaonekana, vumbi likapigwa brashi, pakaachwa pakauke. Ndani ya ufa fundi akasukumia kamba ya sponji ili gundi ishike pande mbili tu, fremu na ukuta, isigande na nyuma pia. Ikigandia pande tatu haina nafasi ya kuvutika, inachanika. Akabandika tepu ya rangi pande zote, akajaza, akasawazisha kwa kijiko kilicholowa maji ya sabuni, akabandua tepu kabla gundi haijaanza kuganda. Mstari ulitoka umenyooka.

Kizingiti cha nje nacho kilikuwa kinainamia ndani kidogo. Alikipiga saruji upya kwa mwinamo wa kuelekea nje, na chini ya ukingo wake akachora mfereji mwembamba ili tone lidondokee hapo badala ya kurudi ukutani. Kazi hiyo ilikula muda kuliko gundi, na sidhani gundi peke yake ingetosha bila hiyo.

Masika yote iliyopita na hii ya mwaka huu kona imekuwa kavu. Nilisubiri ukuta ukauke kabisa ndipo nikapaka rangi, na haijavimba tena.

Kasoro za gundi hii ni mbili. Ile nyeupe imeanza kugeuka njano inakopigwa na jua, hivyo chukueni ya kijivu au ipakeni rangi mapema. Na bomba likishafunguliwa halitunziki, unyevu wa hewa tu unaigandisha. Pangeni madirisha yote yafanywe kwa pamoja. Mimi la chumba cha watoto bado, na nataka liwe limekwisha kabla ya vuli.