Uchambuzi: Seti ya Roboti ya Magurudumu Mawili kwa Watoto, Inunuliwe au Iachwe?

Karibuni watazamaji, hasa walimu na wazazi wa Arusha na Moshi mnaouliza seti gani inafaa kumfundishia mtoto roboti. Mezani leo ipo ile ya kuunga mwenyewe: bodi ya Arduino Uno ambayo ndiyo ubongo wa roboti, mota mbili za njano, bodi ya L298N ya kuendeshea mota, kihisi cha mwangwi HC-SR04 na vihisi viwili vya mstari. Tuseme mapema: inunueni. Ila programu iliyokuja nayo iwekeni kando kwanza. Inamwonyesha mtoto gari linalokwepa ukuta, haimwonyeshi gari limejuaje kwamba ukuta upo.

Anzeni na kihisi peke yake, mota zisiguswe. HC-SR04 ina pini nne: umeme wa volti 5, ya kuamsha mlio, ya kupokea mwangwi, na ya hasi. Hutoa mlio wa kilohezi 40 ambao sikio letu halisikii, kisha hupima muda hadi mwangwi urudi. Weka daftari sentimita 20 mbele yake, utasoma karibu maikrosekunde 1,160. Gawanya kwa 58, maana sauti hutumia karibu maikrosekunde 58 kwenda na kurudi kwa kila sentimita, unapata 20. Mtoto ashike rula, asogeze daftari, alinganishe namba ya skrini na ya rula. Kisha mwenye sweta asimame mbele ya kihisi. Mwezi wa Julai darasa zima huwa na masweta, basi yatumieni! Kitambaa kizito kinameza sauti, namba zinarukaruka. Ukuta ukikaa mshazari nao unautupa mwangwi pembeni. Mtoto akiona haya, ameshaelewa kwamba roboti haioni chochote. Inapokea namba tu, na namba inaweza kudanganya.

Sasa maagizo. Tumieni programu ya vitalu kama mBlock, ambamo maagizo ni vipande vya kuunganisha kwenye skrini, mtoto apange: rudia daima, kama umbali ni chini ya 20, simama, geuka, la sivyo, nenda mbele. Sawa kabisa, lakini roboti ikiwekwa uwanjani pasipo kitu mbele, mara nyingi inasimama. Kwa nini? Mwangwi usiporudi, programu nyingi hurudisha sifuri, na sifuri ni chini ya 20. Dawa yake ni kuongeza sharti: umbali uwe zaidi ya 0 na pia chini ya 20. Kosa hili msilirekebishe kimyakimya. Liacheni litokee, watoto walitafute wenyewe.

Kosa la pili ni kitalu cha “subiri sekunde 1” ndani ya “rudia daima”. Roboti ikienda sentimita 30 kwa sekunde, itakuwa imekwenda sentimita 30 bila kupima chochote, na ukuta ulikuwa 20. Punguzeni kusubiri hadi sehemu ndogo ya sekunde.

Vihisi vya mstari vinatumia mwanga wa infraredi, ambao jicho halioni: karatasi nyeupe inaurudisha, tepu nyeusi inaumeza. Bandika tepu ya umeme juu ya manila nyeupe, vihisi vikae pande mbili za mstari, chini ya sentimita moja kutoka sakafuni. Cha kushoto kikigusa nyeusi, roboti imepotelea kulia, kwa hiyo igeuke kushoto. Watoto wengi hupanga kinyume, na roboti inaukimbia mstari kama imechomwa. Kila kihisi kina kiskrubu kidogo cha kurekebisha. Kizungushe taratibu kwa bisibisi hadi taa yake ibadilike kila unapotoka nyeupe kwenda nyeusi. Na fungeni mapazia. Jua la dirishani lina infraredi nyingi, roboti iliyofuata mstari vizuri asubuhi itapotea likifika kwenye manila.

Pabovu kwenye seti hii ni umeme. Kibebeo ni cha betri nne za AA, yaani volti 6, na L298N inakula karibu volti 2 njiani. Mota zinabaki na 4, na zikianza kuzunguka volti inashuka, Arduino inajizima na kuanza upya. Utaona roboti inashtuka, inasimama, inashtuka tena, na mtoto anadhani kakosea programu. Tafuteni kibebeo cha betri sita, mtumie AA za kuchaji: sita ni volti 7.2, mota zinapata kama 5. Betri za bei rahisi za redio hazifai, haziwezi kutoa mkondo mkubwa kwa mara moja. Hakikisheni pia hasi ya betri na hasi ya Arduino zimeungana. Zisipoungana, mota hazitatii au zitafanya vituko.

Mengine ni madogo. Plastiki ya fremu ina karatasi ya kuibandua. Waya za mota wakati mwingine huja hazijachomewa, fundi simu yeyote atawachomea. Bodi nyingi za bei nafuu zina chipu ya CH340 ya kuwasiliana na kompyuta, na kompyuta inaweza isiitambue, kwa hiyo pakueni draiva yake, yaani programu ya kuitambulisha, siku moja kabla ya kipindi.

Seti moja inatosha watoto watatu: mmoja kwenye kompyuta, mmoja na rula, mmoja na roboti, wakibadilishana. Na muuzaji akikupa yenye rimoti badala ya vihisi, mrudishie. Hilo ni gari la kuchezea.