Rode NT5 kwa gitaa kavu chumbani: uzoefu wangu wa maiki na mahali pa kuiweka

Kwa gitaa kavu linalopigwa kwa vidole, kauli yangu ni hii: Rode NT5 ni maiki inayostahili hela yake, lakini ukiiweka popote tu, itakuumbua. Mahali pa kuiweka panabadilisha sauti kuliko ikolaiza yoyote utakayoitumia baadaye, kwa hiyo sehemu kubwa ya maelezo haya ni ya mahali.

NT5 ni maiki ndogo ya kondensa (aina inayohitaji umeme ili ifanye kazi) yenye kapsuli ya nusu inchi, ya aina ya kardioidi: inasikia mbele vizuri, pembeni kiasi, nyuma kidogo sana. Inauzwa moja moja au kwa jozi. Inahitaji volti 48 kutoka kwenye saundi kadi. Diafragimu yake ndogo, yaani utando unaopokea sauti, ni nyepesi, inawahi kuitikia mguso wa ukucha kwenye uzi, ndiyo maana mwanzo wa kila noti unasikika wazi. Kwa upigaji wa mtindo wa Mwenda Jean-Bosco, mpiga gitaa wa Kongo, ambapo kidole gumba kinatembeza besi huku kidole cha shahada kikicheza juu, hilo ni jambo kubwa. Noti za besi na za juu hazigandani.

Kosa linaloharibu rekodi nyingi ni kuielekeza maiki kwenye tundu la gitaa kwa sababu sauti inaonekana kutokea hapo. Hewa iliyomo ndani ya gitaa kubwa huvuma yenyewe karibu na hezi 100 (mitetemo 100 kwa sekunde), na mlango wake ni hilo tundu. Noti ya G kwenye uzi wa sita, freti ya tatu, iko hezi 98; uzi wa tano ukiwa wazi uko hezi 110. Matokeo yake noti hizo mbili zinaruka juu ya nyingine zote, na ukizikata kwenye ikolaiza unaondoa besi nzima ya wimbo.

Mimi naanzia hapa: maiki sentimita 25 kutoka kwenye nyuzi, mkabala na freti ya 12, kichwa kimegeuzwa kidogo kuelekea pale shingo inapoungana na mwili wa gitaa. Kisha navaa hedifoni za kufunika masikio na kusogeza stendi sentimita mbili tatu kwa wakati mmoja, mpigaji akirudia kipande kilekile. Ukisogea upande wa tundu, sauti inanenepa. Ukisogea upande wa kichwa cha gitaa, inakonda na msuguano wa vidole kwenye nyuzi unaongezeka. Ikiwa bado kuna mvumo, inua maiki juu kidogo kuliko nyuzi kabla hujagusa ikolaiza.

Usishuke chini ya sentimita 15. Maiki zote za kardioidi huongeza besi zikisogezwa karibu sana, tena mpigaji anayeyumba sentimita 5 tu kutoka 15 hadi 20 anapoteza desibeli 2.5. Akiwa sentimita 30, myumbo huohuo unapunguza desibeli 1.3, ambayo haisumbui. Kiti kisicho na mikono na kisicholia kinasaidia kuliko watu wanavyodhani.

Sasa chumba. Kuta za tofali za saruji, sakafu ya tailizi, juu dari nyembamba au mabati matupu: NT5 itakuletea vyote hivyo kwenye rekodi. Wengi hutundika godoro nyuma ya maiki. Godoro liwe nyuma ya mpigaji, kwa kuwa maiki imemwelekea yeye, na mwangwi unaoingia mbele ya maiki unatoka kwenye ukuta ulio mgongoni kwake. Chini, kati ya kiti na stendi, tandika zulia zito au blanketi lililokunjwa mara mbili. Mkeka mwembamba hauzuii kitu. Meza ya kompyuta isogezwe mbali, maana uso wake mgumu unarudisha sauti kwenye maiki ikiwa imechelewa kidogo, na gitaa linaanza kusikika kama liko ndani ya bomba. Feni izimwe. Mvua ikipiga bati, subiri iishe.

Kuna jambo la besi ambalo blanketi haliligusi. Chumba chenye urefu wa mita 3 kina mvumo wake karibu na hezi 57 na mwingine karibu na hezi 114. Ukikaa katikati kabisa, huo wa hezi 114 unakuwa katika kilele chake, na uzi wa tano unaanza kufoka kila ukipigwa. Sogeza kiti na maiki mpaka karibu theluthi moja ya urefu wa chumba, uzi huo utatulia bila kukata chochote.

NT5 haina swichi ya kukata besi wala ya kupunguza nguvu. Nguvu si tatizo, inabeba hadi desibeli 143 na gitaa halifiki huko. Besi zisizotakiwa, kama mguu unaogonga sakafu au lori linalopita, zikate kwenye programu kuanzia hezi 70 kushuka. Uzi wa sita wazi uko hezi 82, usipande juu ya hapo. Ukiushusha hadi D, ambayo ni hezi 73, kata kuanzia 60. Gaini, yaani ukuzaji wa sauti kwenye saundi kadi, iweke ili vilele vifike kati ya desibeli -12 na -6 kwenye mita ya programu mpigaji akipiga kwa nguvu zake zote, ukirekodi kwa biti 24. Hakuna sababu ya kukaribia sifuri.

Kelele yake ya ndani ni desibeli 16 (dBA). Kwa upigaji wa kawaida haionekani; kwa mtu anayepapasa nyuzi taratibu mno ukiwa umeiweka sentimita 40, utausikia mlio mwembamba kama wa hewa inayovuja. Hapo Rode NT1, yenye 4.5 dBA, ni kimya zaidi.

Ukiwa na jozi, panga vichwa viwili vya maiki kimoja juu ya kingine, vikiwa vimepishana digrii 90. Sauti inafika kwenye vyote kwa wakati mmoja, kwa hiyo rekodi ikichezwa kwenye simu yenye spika moja hakuna kinachopotea. Ukizitenganisha kiholela na sauti ikasafiri sentimita 17 zaidi kufikia moja, zikijumlishwa zinafutana karibu na hezi 1,000, na gitaa linakuwa na shimo katikati. Anayeimba huku akipiga ashushe maiki ya gitaa hadi chini ya nyuzi na kuiinamisha ielekee chini, kwenye sehemu ya gitaa iliyo juu kidogo ya magoti, mkia wake ukielekea upande wa mdomo. Sauti ya kuimba inayoingia itapungua.

Kwa walio Dar, Mombasa au Zanzibar: unyevu ndio adui wa kondensa. Ikianza kutoa milio midogomidogo ya kupasuka kama mafuta ya moto, usiifungue. Iweke usiku kucha kwenye kopo linalofunga vizuri pamoja na vipakiti vya silika. Usiitoe kwenye chumba chenye kiyoyozi na kuiwasha papo hapo kwenye chumba cha joto, maana chuma baridi kinashika maji. Iache ndani ya kasha lake ipate joto kwanza. Na volti 48 iwashe baada ya kuchomeka kebo, spika zikiwa zimezimwa.

Kama chumba chako hakitulizwi hata kwa magodoro, usinunue NT5 bado. Shure SM57 ikiwekwa sentimita 15 kutoka freti ya 14 haitasikia chumba sana kama NT5, ingawa juu ya hezi 15,000 haina kitu na utahitaji gaini kubwa. Mwenye bajeti finyu na chumba kizuri achukue Audio-Technica AT2020. Kumbuka hiyo inasikia kwa ubavu wenye nembo, si kwa ncha. SM57 bandia zimejaa sokoni, kwa hiyo nenda dukani na mizani ndogo ya jikoni: halisi ina gramu 284, bila kebo na bila kishikio.